Mzee wa Luvungi na Bendera ya Saa Kumi na Mbili

Vijana wangu,

Programu yenu nimeipata. Mliiacha mezani kwangu jana, chini ya kikombe, pamoja na ombi kwamba nitie sahihi ili wageni wenu kutoka kijiji cha Miti wajue mtu mwenye diploma ameipitia. Mmefanya vizuri kunitafuta. Katika mji huu wa Bukavu wanaotembeza wageni ni wengi, lakini waliosomea kazi hiyo mpaka wakapewa karatasi yenye muhuri ni wachache, na mmoja wao ni mimi. Nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza niliisoma nikitabasamu, maana nilitambua mambo mengi niliyowafundisha. Mara ya pili nilifika kwenye mstari wa saa kumi na mbili za jioni, nikakisukuma kikombe pembeni, hata mke wangu akaniuliza kama malaria imerudi.

Sijasaini. Kabla sijasaini, nisikilizeni.

Mnajua nilikotoka, lakini nitawakumbusha, kwa sababu sichoki kulisema. Nilizaliwa Kadutu, juu kabisa, mahali ambapo maji ya bomba yanafika yakiwa yamechoka. Nilikuwa ninauza mayai ya kuchemsha. Nilikwenda Kampala na mfuko mmoja na anwani ya mtu ambaye, nilipofika, nilikuta amehama. Niliosha masufuria ya hoteli, nikajifunza Kiingereza kwa kusikiliza wageni wakigombana na wahudumu, nikasoma jioni, nikapata diploma ya utalii. Hakuna mjomba aliyenilipia, hakuna padri aliyeniandikia barua. Niliporudi, watu wa mtaa walisema, "Amerudi kwa sababu ameshindwa." Nikaitundika diploma sebuleni, mkabala na mlango, ili anayesema hivyo aisome kabla hajakaa. Bado iko pale. Fremu ina ufa kwenye pembe ya chini, na mmoja wenu aliwahi kuniuliza ufa huo ulitoka wapi. Leo nitajibu.

Wenzangu wa wakati ule walikuwa wanagombania wazungu wanaokwenda kuona sokwe. Mimi nikawafikiria watu wetu. Mtu wa Luvungi, wa Nyantende, wa Miti, anakuja Bukavu akiwa mgonjwa, au ana kesi, au amefiwa. Anaingia mjini akiinamisha kichwa na anatoka vivyo hivyo. Hajawahi kuja kutazama tu. Nikasema nitatengeneza siku moja ya kuutazama mji, asubuhi mpaka jioni, kwa gharama ambayo mkulima anaweza kuilipa bila kuuza mbuzi. Walinicheka. Baada ya mwaka mmoja walikuwa wananiiga, na mpaka leo wananiiga.

Siri ya siku ya bei nafuu katika mji huu ni milima. Mgeni anatazama ramani anaona sehemu mbili zimekaribiana. Hajui kwamba katikati yake kuna mteremko ambao mbuzi anaupita kwa kufikiri. Kosa langu la kwanza lilikuwa hilo. Niliwachukua wanakwaya wa Miti, nikaanza nao ziwani asubuhi, kwa sababu ziwa ni zuri asubuhi, kisha saa sita mchana nikawapandisha Kadutu kwa miguu. Mweka hazina wao, maman mmoja mnene mwenye heshima zake, alikaa chini katikati ya njia akasema, "Mimi nafia hapa. Muimbe." Na wale wengine, ninaapa, walianza kuimba.

Tangu siku hiyo ninalipa gari mara moja tu kwa siku: asubuhi, kwenda juu. Baada ya hapo siku nzima ni kushuka. Sokoni Kadutu, halafu kanisa kuu, halafu Nyawera, halafu barabara kubwa ya Ibanda mpaka mahali ambapo ardhi inaingia ziwani. Miguu ya mgeni inafanya kazi bila kulalamika, na pesa yake inabaki kwa ajili ya chakula. Chakula mnakila kabla ya saa sita, kabla watu wa ofisi hawajatoka, kwa sababu ugali wa foufou na samaki wadogo wa sambaza vinavyouzwa saa tano na nusu ni vya moto kuliko vya saa nane, na mpishi bado hajakasirika. Mnajua pia ni parokia ipi ina choo safi, na ni nani anashika ufunguo, na kwamba huyo mtu anapenda kuulizwa kwanza habari za mguu wake. Hayo yote mmeyaandika vizuri. Hata jina la mwenye ufunguo mmeliandika. Nimefurahi.

Lakini kazi hii, ambayo watu wanadhani ni ya maneno matamu, ni kazi ya hofu. Mimi nimeishi nayo tangu mgeni wa kwanza. Kila kona ninapiga hesabu ya vichwa, kwa vidole, ndani ya mfuko wa suruali ili wasione. Wanne. Wanne. Wanne. Ninaogopa mvua ya saa nane inayogeuza mteremko kuwa sabuni. Ninaogopa pikipiki. Ninaogopa simu inayopiga picha, kwa sababu kuna madaraja na majengo ambayo ukiyapiga picha simu inakwenda, na pengine mwenye simu anakwenda nayo. Na siku hizi hofu imeongezeka. Sihitaji kuwaeleza, mnaishi hapa. Mmeniuliza kama bado inafaa kuwatembeza watu. Ninasema inafaa, kwa sharti moja, na sharti hilo sikulipata Kampala. Nilipewa na dereva wa teksi ambaye hakumaliza shule ya msingi.

Alikuwa anaitwa Tonton Zihalirwa. Gari lake lilikuwa na mlango mmoja unaofunguka kwa nje tu. Nilikuwa ninamkodi kwa ile safari moja ya asubuhi, na nilikuwa ninapenda kumwonyesha programu zangu, zimepigwa chapa, saa na dakika, kila kitu kwenye mstari wake. Yeye alikuwa anaishika karatasi kwa vidole viwili, hasomi, anauliza swali moja tu.

"Hii njia, ulipita huko saa ngapi?"

"Jana, Tonton. Saa nne ya asubuhi."

"Na wageni watapita saa ngapi?"

"Jioni."

"Basi haujapita."

Mimi nilikuwa ninacheka. Nilimwambia kwamba njia ni njia. Nilimwambia kwamba shuleni tulijifunza jinsi ya kupima muda wa mwendo kwa ramani. Alinirudishia karatasi akasema, "Eh, bwana diploma," akawasha gari.

Sasa nifike kwa mzee Kashindi.

Walikuwa wanne, wametoka Luvungi, wamelala kwa ndugu yao kule mtaa wa Essence. Mzee Kashindi mwenyewe, ambaye maisha yake yote alifanya kazi kwenye mashine ya kukoboa mpunga. Mke wake, Maman Nabintu, mwanamke mdogo mwenye kandambili za plastiki za rangi ya kijani. Binti yao Furaha, mwalimu. Na Bahati, mume wa Furaha. Furaha ndiye aliyelipa. Aliniambia kwa simu, "Papa alitukoboleaka muchele ya dunia yote, lakini hajawahi kuona Bukavu na macho yake mwenyewe. Nataka aone siku moja, tu siku moja, na arudi nyumbani na furaha." Nikamjibu, "Maman Furaha, umepiga kwa mtu mwenyewe. Nitamrudisha papa yako mzima na anacheka." Ndivyo nilivyoahidi. Siku ile kila nilipohesabu vichwa, nilikuwa ninahesabu ahadi hiyo.

Mzee alikuwa mgeni mzuri kuliko wote niliowahi kuwa nao. Kila nilichomwambia alitabasamu akasema, "Aksanti, aksanti sana," kwa sauti kubwa, kama mtu anayeita ng'ambo ya mto. Alikuwa anasimama karibu sana nami, ananitazama mdomo. Nilidhani anavutiwa na Kifaransa changu. Pale Nyawera pikipiki ilimpigia honi nyuma mara tatu asigeuke, mpaka Bahati akamvuta mkono. Nikajisemea, ndivyo walivyo watu wa shamba, hawajazoea barabara. Nikamwambia Furaha, "Papa yako haogopi kitu." Furaha akatazama chini. Maman Nabintu akasema haraka, "Muzee iko vile. Iko anafikiri mambo yake."

Kila kitu kilikuwa mbele ya macho yangu, vijana. Mimi niliyesomea kuwatazama wageni.

Jioni ile tulikuwa kwenye barabara inayoshuka kuelekea ziwani. Katika programu yangu nilikuwa nimeandika: "Saa kumi na mbili kasoro dakika kumi mpaka saa kumi na mbili na dakika kumi, matembezi ya polepole, kutazama ziwa." Nilikuwa ninajivunia mstari huo kuliko yote. Wakati huo jua linagusa maji upande wetu na milima ya Rwanda ng'ambo inakuwa na rangi ambayo hakuna anayeiuza, na kuitazama ni bure kabisa. Nilikuwa nimeipita barabara hiyo siku mbili kabla. Saa nne ya asubuhi.

Kwenye barabara hiyo kuna ofisi moja ambayo sitaitaja. Mbele yake kuna mlingoti.

Ninyi mmezaliwa mkilijua jambo hili hata hamlifikirii. Filimbi inalia, bendera inashuka, na kila kitu kinasimama. Mwenye pikipiki anazima, mwenye karai la ndizi kichwani anaganda nalo, mtoto anaachwa bila kupangusiwa pua. Anayesogea anatafuta shida. Mimi pia nilikuwa ninalijua tangu utoto. Lakini miaka ya Kampala ilikuwa imeliondoa jambo hilo miguuni mwangu. Nilipopanga ile siku niliona ziwa, niliona jua, niliona bei. Mlingoti nilikuwa nimeuona saa nne ya asubuhi, bendera iko juu inapepea, na nilidhani ni pambo zuri la kuwaonyesha wageni.

Filimbi ikalia.

Nikasimama. Bahati akasimama nyuma yangu, Furaha kushoto kwangu, Maman Nabintu mbele yetu kidogo. Mji mzima ukanyamaza. Nikapiga hesabu mfukoni kwa kidole, kwa mazoea tu. Watatu.

Mzee Kashindi alikuwa mbele, hatua kumi na tano hivi, katikati ya barabara, mikono nyuma, anatembea. Alikuwa anatazama ziwa. Anatembea polepole na kwa raha, kama nilivyoandika kwenye programu, kuelekea moja kwa moja kwenye lango la ile ofisi. Hakuna kingine kilichokuwa kinasogea barabarani, hakuna hata mbwa.

"Mwambie asimame," nilimwambia Furaha bila kusogeza midomo.

"Hasikii."

"Mwite!"

"Hasikii, nakuambia. Papa hasikii. Masikio ilikufa zamani, na ile mashine. Alikataza nyumba yote tuseme."

Kwenye lango walikuwa wanajeshi wawili. Mmoja alikuwa amesimama kwa heshima, mkono kwenye kofia. Wa pili alikuwa ameshamwona mzee. Alikuwa kijana, pengine umri wenu. Nilimwona akishusha bunduki kutoka begani taratibu, na nilimwona akitazama kulia na kushoto kama mtu asiyejua atafanya nini na anaogopa kuliko sisi. Ni huyo mwenye hofu anayefyatua. Alisema kwa Kilingala, si kwa sauti kubwa, "Telema!" Simama. Mzee akatabasamu, akamwinamia kichwa kidogo kama anavyosalimia mtu mwenye kazi yake, akaendelea.

"Telema, nasema!"

Hatua kumi. Nane.

Mtaniuliza, na wewe kiongozi ulifanya nini? Nilikuwa na kadi shingoni yenye picha yangu, jina langu na neno "diplômé" kwa herufi kubwa. Nilikuwa nimeitengeneza mwenyewe, mtu wa kwanza Bukavu kuwa na kadi iliyofunikwa kwa plastiki. Nilifikiri kukimbia mbele nimshike. Miguu haikukubali. Nilifikiri kupiga kelele, nikakumbuka kwamba hasikii, nikafurahi kwamba sina sababu ya kupiga kelele. Ndiyo, nilifurahi. Nimekaa na furaha hiyo miaka yote hii na bado ninaionea aibu.

Aliyefanya kitu ni Maman Nabintu. Hakupiga hatua hata moja. Aliinua kisigino, akaiachia kandambili moja, akaipiga teke. Ilikwenda ikiteleza juu ya lami, ya kijani, inazunguka, inapiga kelele ya plastiki katika ule ukimya, ikampita mzee pembeni ikasimama hatua moja mbele yake.

Mzee akaitazama kandambili. Unaishi na mtu miaka arobaini, viatu vyake unavijua. Akageuka amtafute mwenyewe. Na hapo ndipo alipotuona sote, barabara nzima, watu na pikipiki na makarai, hakuna anayesogea. Akainua macho akaiona bendera iko katikati ya mlingoti. Akavua kofia yake, akaiweka kifuani, akasimama wima kuliko mtu yeyote pale.

Bendera ikafika chini. Filimbi ikalia tena. Mji ukaanza kupumua, pikipiki zikawashwa. Ninyi mtadhani imekwisha.

Wanajeshi wote wawili walikuja. Yule mkubwa alimshika mzee mkono, akatutazama. "Nani anatembeza hawa batu?"

Na mimi, vijana, niliifunika kadi kwa mkono, kisha nikaiingiza ndani ya shati. Niliifanya taratibu, kama mtu anayejikuna.

"Nimeuliza nani!"

"Ni mimi," akasema Maman Nabintu, mguu mmoja una kandambili na mwingine mtupu. "Ni bwana yangu. Mimi njo namutembeza."

"Basi kuya na weye."

Wakapelekwa wote wawili ndani ya lango. Mzee alikuwa anageuza shingo kutuangalia, bado anatabasamu, lakini tabasamu lilikuwa limepoteza mwenyewe. Lango likafungwa. Nikahesabu mfukoni: wawili. Furaha hakulia na hakunitukana. Alikuwa ananitazama kifuani, pale kadi ilipokuwa imeingia.

Bahati akasema, "Sasa, Monsieur?" Siku nzima alikuwa ananiita Monsieur le Guide. Sehemu ya pili ilikuwa imeanguka.

Nilijua vizuri kilichokuwa kinanisubiri ndani, maana tumesikia sote habari za watu walioingia mahali kama pale kwa dakika tano. Nilijua pia kwamba giza likiingia mambo ya ndani hayatazamwi tena na mtu wa nje. Niliitoa kadi. Uzi ukanasa kwenye kifungo, nikahangaika nao mbele yao kama mlevi. Kisha nikaenda, nikagonga.

Ndani kulikuwa na meza na mkubwa mmoja nyuma yake. Mzee na mke wake walikuwa wamekalishwa chini. Mkubwa alikuwa anamwuliza mzee maswali, na mzee alikuwa anajibu, "Aksanti, aksanti sana," na kila aksanti ilikuwa inazidisha hasira.

"Huyu muzee anatucheka?"

"Shefu, huyu mzee hasikii," nilisema. "Hajasikia filimbi. Mimi ndiye kiongozi wao. Ni mimi nimewaleta hapa."

"Yeye mama amesema ni yeye."

"Amesema hivyo kwa sababu mimi nilinyamaza."

Nikampa programu, kwa sababu sikuwa na kitu kingine cha kumpa. Aliisoma yote, kuanzia soko la Kadutu, akiufuata kila mstari kwa kalamu. Alipofika kwenye saa kumi na mbili alisimama. Akasoma kwa sauti: "Matembezi ya polepole." Akaniangalia. Akasoma tena.

"Weye njo uliandika hii?"

"Ndiyo, shefu."

"Ulipanga, na saa na dakika, kupitisha batu mbele ya bendera saa kumi na mbili. Polepole."

"Ndiyo, shefu."

"Na hapa kwenye kadi wanasema uko na diploma."

"Ndiyo, shefu. Ya utalii."

Akaanza kucheka. Kilikuwa kicheko ambacho hujui kitaishia wapi. Kisha akakiacha ghafla akamwashiria askari: mzee na mke wake watoke. Kwangu akasema, "Weye utakuya hapa siku saba. Saa kumi na mbili kamili. Utasimama pale chini ya bendera, na hiyo diploma mukononi, batu baione. Siku moja ukikosa, tutakuya kuichukua sisi wenyewe nyumbani."

Tulitoka mwanga ukiwa bado upo juu ya maji. Nilihesabu kwa sauti, mbele yao, sikujali: mmoja, wawili, watatu, wanne. Maman Nabintu aliifuata kandambili yake barabarani, akaipangusa, akaivaa. Mzee Kashindi alinishika bega akaniuliza, kwa ile sauti yake inayosikika mpaka Rwanda, "Monsieur le Guide! Na ile ya bendera, ilikuwa ndani ya programe?"

Watu wakageuka. Nikatikisa kichwa kwamba ndiyo, ilikuwamo. Akacheka. Kwa hiyo ahadi yangu niliitimiza: alirudi Luvungi mzima na anacheka. Furaha alinipa mkono kituoni kesho yake asubuhi, akasema aksanti, na hakunipigia simu tena. Wageni wengine kutoka Luvungi hawakuja kwa muda mrefu.

Siku saba nilikwenda. Niliitoa diploma ukutani, fremu na kioo na vyote, nikaibeba chini ya koti, nikasimama chini ya mlingoti. Majirani wa Kadutu walipita. Wenzangu wa kazi walipita, wengine mara mbili. Kila jioni nilikuwa nimekwisha kufa kwa hofu kabla ya filimbi, kwa sababu yule kijana mwenye bunduki alikuwa amewekwa kusimama nyuma yangu, na nilikuwa ninasikia pumzi yake. Siku ya tatu fremu iliniponyoka ikagonga sakafu ya saruji. Huo ndio ufa mnaoulizia.

Na kila jioni, ng'ambo ya barabara, lilikuwapo gari lenye mlango mmoja unaofunguka kwa nje tu. Tonton Zihalirwa hakuteremka. Hakunipungia mkono. Alikuwa anazima tu gari filimbi ikilia, na bendera ikifika chini analiwasha na kuondoka. Siku ya saba hakuondoka. Alinyoosha mkono dirishani, akanifungulia mlango kwa nje. Nikaingia na diploma yangu magotini. Tulipanda mpaka Kadutu, na pale karibu na nyumbani akasema:

"Sasa umepita."

Alishafariki. Sikumwambia hata siku moja kwamba alikuwa mwalimu wangu. Nilikuwa na diploma, ningeanzia wapi?

Baada ya hapo nilifanya kazi miaka mingi, na nilikuwa bora kuliko wote, hilo hamtalipinga. Kabla ya kumwuliza mgeni ana pesa kiasi gani, nilikuwa ninamwuliza anasikia vipi, anaona vipi, goti lipi linauma, anaogopa nini. Ninamwuliza pembeni, peke yake, kwa sauti ya kawaida, nikiwa nimegeuza uso. Asiyejibu nimeshamjua. Na kila njia niliipita kwanza mwenyewe, saa ile ile, siku ile ile ya juma. Isipokuwa moja. Ile barabara, saa kumi na mbili, sikuipita tena. Siku zote nilikuwa na njia nyingine ya kuonyesha ziwa. Niliwafundisha hiyo njia nyingine bila kuwaambia kwa nini, na sasa ninyi, kwa akili zenu nzuri, mmeona kwamba ile ya kwanza ni fupi zaidi na ina jua zuri zaidi, mkaiandika: "Saa kumi na mbili, matembezi kuelekea ziwani." Ni kweli ina jua zuri zaidi.

Wageni wa Miti wanakuja Jumamosi. Sijui ni nani kati yao hasikii, na ninyi hamjui. Sijui siku hizi ni nani anasimama kwenye lango lile, na anaogopa nini.

Nilitaka kuukata tu mstari huo kwa kalamu nyekundu na kuwarudishia karatasi. Ningekuwa nimemaliza. Lakini nitawauliza kama nilivyoulizwa: mlipita huko saa ngapi? Najua jibu. Mlikuja kwangu saa tano ya asubuhi mkiwa na vumbi la barabara ile kwenye viatu.

Leo jioni, saa kumi na mbili kasoro robo, nitakuwa pale juu ya mteremko. Magoti ni mabaya, mtanishika pande mbili. Acheni simu nyumbani. Tutashuka polepole, na filimbi ikilia mtasikia mikono yangu inavyotetemeka, na hamtamwambia mtu. Tutatazama nani yuko langoni, nani anasimama wapi, na ni mahali gani mgeni anaweza kusubiri mpaka bendera ifike chini. Kisha tutaamua. Kalamu itakuwa mfukoni mwangu. Nitasaini tukishapita.